Jinsi ya Kusomea Chimbuko la Binadamu Ukitokea Kibera

Kwanza, usingoje mjomba aafiki. Atafoka, "Mifupa? Nani ataajiri mtu wa mifupa?" Mwongezee chai, kisha panda matatu ya 8, au ya 46 kama unaishi Kawangware. Shuka mjini, utembee hadi Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Huko ndiko inakohifadhiwa mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wanafunzi wa uzamivu hupanda ndege kutoka Marekani na Ulaya kuja kusoma visukuku vya makumbusho hayo. Wewe nauli yako ni ya matatu, basi usiniambie ni mbali!

Ukifika, ulizia habari za Kamoya Kimeu. Mwaka 1984, huko Nariokotome, ndiye aliyekiona kipande kidogo cha fuvu la mvulana huyo katikati ya changarawe. Masomo yake ya darasani yaliishia shule ya msingi, ila macho yake yaliwashinda maprofesa. Shahada ya heshima alikuja kupewa na chuo kimoja cha Marekani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa miaka mingi Wakenya walichimba, wageni wakaandika. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu nataka usome hadi mwisho, kama walivyosoma Wakenya wenzetu Emma Mbua na Fredrick Manthi, wataalamu wa visukuku.

Kazana na biolojia na jiografia. Chuoni chukua akiolojia, jiolojia au anatomia. Kisha tafuta nafasi katika shule ya nyanjani ya Turkana Basin Institute, ujue jua la Turkwel lilivyo. Karo ya uzamili ikikushinda, Leakey Foundation ina ufadhili uitwao Baldwin, uliowekwa kwa wanafunzi wa nchi kama yetu.

Jirani akikuuliza kwenye foleni ya maji kama unafundishwa kwamba babu yake ni nyani, usimcheke. Msaidie kubeba mtungi huku ukimweleza kwamba sisi na sokwe tuna mhenga mmoja wa kale, na koo zetu ziliachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Akiwa na mtoto wa sekondari, mwombe umpeleke Museum Hill Jumamosi hii.