Sifa za Epoksi, Isiyojua Foleni

Watu wa Tunduma tunajua kusubiri. Malori yanayopeleka shehena Zambia na Kongo, na yale yanayoshusha shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, hujipanga barabarani mpaka madereva wanajuana majina ya watoto. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa kati yetu na Nakonde, ng'ambo ya Zambia, mwaka 2019, kimepunguza mengi, ila tabia haijatutoka. Hapa kila jambo lina mazungumzo, kuanzia bei ya kwacha hadi nauli ya bajaji. Ndiyo maana nasimama kuisifu epoksi, ile rangi nzito ya sakafuni inayokuja katika makopo mawili. Imeingia mjini kwetu na haijakubali kupatana na mtu.

Nasaba yake si haba. Miaka ya 1930 mkemia Mswisi, Pierre Castan, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Kule Marekani, Sylvan Greenlee akaielekeza kwenye rangi. Basi kilichokusudiwa kinywa cha bibi wa Uswisi leo kinakanyagwa na utingo mwenye kandambili za grisi katika duka la spea. Mkoa wetu wa Songwe umezoea wageni wa mbali. Kule Ndolezi, Mbozi, tuna kimondo cha chuma chenye tani 12 hivi. Lakini kimondo kilidondoka, kikatulia, kikapigwa picha na watalii. Hakina hadina.

Hadina, dawa ya kugandisha iliyo katika kopo la pili, ndiyo roho ya kisa chote. Ukiimimina kwenye kopo la kwanza na kukoroga, umeshasaini. Epoksi kwa ukarimu wake hukuachia dakika 20, pengine 30, na joto likipanda nyuzi 10 huo muda hukatwa karibu nusu. Ikiwa bado ndani ya ndoo, hujipasha moto yenyewe. Ndipo utakapomsikia saidia fundi, kijana ambaye asubuhi nzima hajatamka neno, akipaza sauti: “Kaka, ndoo inafuka moshi!” Ndoo imepata moto mkono hauvumilii, na rola imesimama wima katikati bila kushikwa na mtu. Dawa ni kuimwaga yote sakafuni mara moja, ikatandazwa ikapoa, lakini hilo limeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, na karatasi ndiyo iliyotumika kufunikia chai.

Tazama pia inavyowatendea matajiri. Bosi mwenye fremu hukunja mikono mlangoni akauliza, “Fundi, hiyo hadina si ghali? Weka nusu, nyingine tutamalizia na chumba cha nyuma.” Mtendaji angemsikiliza, jirani angemsikiliza. Epoksi haisikilizi. Kama kipimo ni mbili kwa moja, ni mbili kwa moja. Ukiiibia hubaki inanata mwaka mzima, na kila mteja akiingia dukani huacha soli.

Kwa uchunguzi, hata forodha haioni ndani. Fremu nyingi za barabarani zilikuwa gereji kabla ya kuwa maduka, na oili imenywewa na zege miaka na miaka. Mwenye nyumba atakuapia kwamba sakafu ni safi. Epoksi hulala juu yake dakika chache, kisha hujitenga na kufungua vitundu vya mviringo, macho matupu yanayomtazama fundi aliyeamini kiapo. Fundi mwenye adabu hudondosha kwanza tone la maji: likisimama bila kunyonywa, asage zege upya. Kwa unyevunyevu hubandika nailoni ya kama sentimita 45 kila upande, akaiacha usiku kucha. Asubuhi ikitoka jasho kwa chini, arudi nyumbani. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zimewarudisha wengi nyumbani, na nasikia familia zimefurahi.

Wakidhani kiangazi kitawaokoa, waje Juni. Tunduma usiku wa Juni ni wa koti na moto wa mkaa. Hapo epoksi iliyokuwa na haraka ya kutisha hubadilika ikawa mzee wa baraza. Chini ya nyuzi 10 aina nyingi karibu zinaacha kabisa kukauka, na unyevu wa alfajiri huipaka utando mweupe wenye utelezi. Koti la pili halishiki juu ya utando huo mpaka uoshwe. Saruji na marumaru, wapinzani wake, hazina hisia hizi. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya hizo.

Halafu inang'aa. Hili nalisema bila utani. Ikikubali, duka la vyuma chakavu hupendeza kuliko benki, taa zote ziko chini ya miguu yako, na bosi huanza kuwavua wateja viatu. Hata kungoja wiki moja kabla ya kuburuta gia boksi juu yake angekubali, kama mzigo kutoka Dar usingefika siku ya pili.

Miezi inapita, jua la mlangoni linafanya kazi yake, na fundi anaitwa. “Mbona hapa pamekuwa njano? Mimi nilitaka kijivu.”

“Bosi, kijivu ulilipia. Hiyo njano ni nyongeza.”