Sheria Haisomwi na Ng'ombe

Shemeji yangu anaishi London na ana imani mbili kubwa: ramani na sheria. Jumapili moja ya mwanzo wa Juni alinipandisha treni ya Metropolitan hadi Chalfont & Latimer, Buckinghamshire, tukatembee bonde la mto Chess. Nikauliza tunamtembelea nani. Hatumtembelei mtu, akasema. Tunatoka stesheni, tunapita msituni, mashambani na kando ya mto, kisha tunarudi stesheni.

"Si tubaki hapa hapa? Tumeshafika."

Hakucheka. Akanieleza kwamba Uingereza kijia cha umma kina haki yake hata kikikatiza katikati ya shamba la mtu. Ukiona mshale wa njano kwenye nguzo, pita, huna haja ya kuomba ruhusa. Mimi nimekulia Muheza, ambako hodi unaianzia kwenye mchungwa wa kwanza, kwa hiyo kila tulipokutana na geti nilijikuta nakohoa.

Mimea ya pale haikuwa na habari na haki hiyo. Kijia kilikuwa kimezibwa na majani yafikayo kiunoni, yanayowasha kama upupu, na shemeji ndiye aliyenishauri nivae kaptura. Akachuma jani jingine pana linaloota jirani, akasema wenyeji hujisugua nalo. Nikajisugua. Miguu ikaendelea kuwasha, ila sasa ikiwa ya kijani.

Kijijini Latimer tulikuta mnara mdogo uwanjani. Hapo umezikwa moyo wa farasi. Alikuwa wa Villebois-Mareuil, jenerali Mfaransa aliyewapigania Makaburu na kuuawa Boshof, Afrika Kusini, mwaka 1900. Lord Chesham akamleta farasi huyo Uingereza, naye akafa mwaka 1911. Mbele zaidi, pembeni mwa shamba, kuna kaburi la mfyatua matofali William Liberty, aliyefariki mwaka 1777 na kuzikwa hapo kwa matakwa yake mwenyewe, mbali na makaburi ya kanisa. Mkewe alimfuata mwaka 1809. Miaka 32 ya utulivu. Nadhani mzee alijua alichokuwa anakitafuta.

Kisha ng'ombe.

Shemeji aliwaona kabla yangu, akaanza darasa. Sheria ya mwaka 1981 inakataza fahali mkubwa wa aina ya maziwa, kama Friesian au Jersey, kuachwa kwenye uwanja unaopitiwa na kijia. Fahali wa aina ya nyama anaruhusiwa, mradi awe pamoja na majike. Ati akiwa na wake zake hana muda na wewe! Huyo aliyeitunga hajawahi kumwona dume akijionyesha mbele ya wake zake.

Lakini hawa hawakuwa mafahali hata kidogo. Walikuwa maksai vijana, na sheria ya shemeji haikuwataja. Walitusogelea kwa udadisi tu, kundi zima, kama abiria walioona daladala. "Tembea taratibu, usikimbie," shemeji akanong'ona, na sauti yake ikawa tayari inatokea mbali, mbele yangu. Aliruka ua vizuri kabisa. Kutua ndiko kulikomshinda, maana ng'ambo ya ua palikuwa na mto.

Maji ya Chess hutoka chini ya miamba ya chaki. Ni maangavu mno, na hata Juni ni ya baridi. Nilimwona shemeji mwili mzima, mpaka soksi. Ramani ilielea kuelekea Rickmansworth bila sisi.

Tulipokuwa tunapandisha kuelekea kijiji cha Chenies, mama akapiga simu. Kwake saa tatu usiku, kwetu saa moja na jua bado linawaka utadhani alasiri.

"Mmetoka wapi?"

"Stesheni, mama."

"Mnakwenda wapi?"

"Stesheni."

Akanyamaza kidogo. "Mlikwenda kuzika?"

"Hapana, ila tumeona kaburi la moyo wa farasi."

"Hebu mpe simu mkwe wangu."

Shemeji, mwenye kifungu kwa kila ng'ombe, akaanza kunionyesha kwa mikono yote miwili kwamba hayupo.