Mtoto Akigonga, Nani Anaachia?

Suala la jiu-jitsu liliingia nyumbani kwetu Magomeni kwa karatasi iliyotoka shuleni: mafunzo kila Jumamosi asubuhi, ukumbi uko Upanga, watoto wa kuanzia miaka 5. Baba wa wanangu alifurahi. Binti yetu ana miaka 8, mwembamba, hakai kitako, na shuleni wapo wavulana wanaomsukuma kwenye foleni ya bomba kila siku. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi na ambaye neno lake ndilo hufunga mjadala, aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia chini ya kopo la sukari. "Mtoto wa kike akagaragazane chini na watoto wa watu? Hapana."

Tukawa tunabishana kila usiku baada ya chakula. Kumbe binti mwenyewe alishaanza. Alikuwa akitazama video kwenye simu ya baba yake, na wa kwanza kujaribiwa akawa mtoto wa shangazi yake, mvulana wa miaka 7 aliyekuja kwetu likizo. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia kishindo, kisha kioo. Nilipofika sebuleni, mlango wa kabati la vyombo ulikuwa umepasuka, birika la Bibi alilokuja nalo kutoka Unguja liko vipande, na watoto wako sakafuni. Mkono wa mvulana ulikuwa umebanwa katikati ya miguu ya binti yangu, kiwiko kimenyooshwa hadi mwisho. Mvulana analia, "Niachie!" Binti ananiambia mimi, "Mama, kwenye video huwa anabaki hivi."

Hospitali walipiga picha. Mfupa ulikuwa mzima, kano ndizo zilizovutika, mkono ukaning'inizwa kwa kitambaa. Wifi yangu alimchukua mwanawe usiku uleule, na kesho yake mume wangu alikwenda kwake kuomba radhi.

Bibi akaona yameisha. Mimi niliona ndiyo kwanza yanaanza. Mtoto alikuwa amekwisha kujua kubana, wala hakuna aliyemfundisha kuachia. Tukimkatalia darasa, anabaki na simu.

Kilichomlegeza Bibi kidogo ni asili ya mchezo wenyewe. Aliuliza umetoka wapi, mume wangu akamsimulia: Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882 kutokana na jujutsu za zamani, mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, akafika Brazil mwaka 1914, huko akamfundisha Carlos Gracie, ambaye baadaye alifungua ukumbi Rio de Janeiro. Mdogo wake Carlos, Hélio, alikuwa na mwili mdogo, akaegemea mbinu za kutumia wenzo kuliko nguvu. Bibi akasema, "Kumbe ndugu yake judo." Judo anaijua. Unguja imefundishwa kwa miaka mingi na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na Bibi ana jamaa kule waliowahi kuicheza, watu anaowaheshimu. Akakubali twende tukatazame. Kutazama tu.

Tulianza na ukumbi ambao si ule wa kwenye karatasi, kwa sababu ulikuwa karibu na nyumbani. Mkeka safi, vikombe vimepangwa ukutani. Mtoto mmoja alikabwa, akagonga mara mbili mgongoni mwa mwenzake, ndiyo ishara ya kuomba kuachiwa. Mwalimu akapaza sauti: "Vumilia! Usigonge mapema!" Nilimshika binti yangu mkono tukatoka. Ukumbini hapo mwalimu pia alikuwa akimwahidi mzazi mmoja kwamba mwanawe atavaa mkanda mweusi kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho kubwa la mchezo huu, mtoto hupanda kutoka mweupe kwenda kijivu, njano, chungwa na kijani. Bluu haipati kabla ya miaka 16, na mweusi si kabla ya 19.

Upanga ikawa tofauti. Mtoto aligonga, mwenzake akachelewa kumwachia kwa muda wa pumzi moja hivi. Mwalimu alisimamisha darasa zima. Hakufoka. Aliwakalisha chini, akamwambia aliyechelewa alale, aliyegonga amkabe, wabadilishane; kisha akawataka wote wagonge na kuachia, wagonge na kuachia, hadi ikawa kama mchezo wa makofi. Mlango uko wazi, benchi la wazazi liko ndani, na hakuna mafunzo ya mtoto mmoja faraghani. Niliuliza kuhusu hijabu, akasema kitambaa kinachobana kichwa, kisicho na pini wala kitu kigumu, kinaruhusiwa hata mashindanoni. Akakubali pia binti yetu acheze na wasichana wenzake. Mimi nilikuwa nimeshaamua pale kwenye benchi. Mzazi akienda kutazama, asihangaike na nani anashinda. Amtazame mwalimu wakati mtoto anagonga.

Bibi aliridhia, binti akaanza mafunzo, kisha choa kikatuingilia.

Kilianzia shingoni mwa binti, duara jekundu lenye kingo zilizoinuka. Mara kaka yake mkononi, kwa kuwa wanalala kitanda kimoja na taulo wanachangia. Bibi akalipaka kitunguu saumu kilichopondwa, ngozi ya mtoto ikaungua, tukawa na majeraha mawili. Famasi walitupa krimu ya klotrimazoli, tukaambiwa tuendelee kupaka hata alama ikishatoweka, maana fangasi hubaki chini kwa chini. Mwalimu alimzuia kukanyaga mkeka hadi apone. Binti alilia, mimi nilimshukuru, kwa sababu kwingine mwenye choa huachwa acheze ili ada isikatike.

Sasa akirudi ni bafuni moja kwa moja, kucha fupi, taulo yake mwenyewe. Gi, vazi la mchezo, hufuliwa siku ileile, na hapo ndipo kazi. Ni pamba nzito. Ikiloa huwezi kuikamua peke yako. Mimi nashika shingo, kaka yake anashika pindo, tunazungusha kila mtu upande wake mpaka maji yanachuruzika kwenye beseni. Masika haikauki kwa siku mbili, na wiki ya mgao wa maji inafuliwa kwa ndoo za akiba. Anayetaka kumwandikisha mwanawe auhesabu na ufuaji huu, asihesabu ada pekee.

Mabadiliko nimeyaona nyumbani. Kaka yake akimtekenya akazidi, anagonga mara mbili, na kaka anaacha. Naye akigongewa anaacha papo hapo, hata akiwa na hasira. Kwenye foleni ya bomba sijui nguvu zake zikoje, wala sikumpeleka kwa ajili hiyo.

Ubishi uliobaki ni wa mashindano. Baba yao anataka ashiriki mwaka huu. Mimi nataka angoje, kwa kuwa nimeona wazazi kwenye benchi wanavyopiga kelele mtoto akiwa chini, na sitaki sauti zetu zimfundishe kuogopa kugonga. Bibi safari hii yuko upande wangu. Tumekubaliana kwamba mtoto mwenyewe ndiye wa kuulizwa, na aulizwe Jumamosi ambayo amegongeshwa asubuhi nzima.