Angus Amefikia Umri wa Kuamkiwa

Shangazi, shikamoo.

Natumai mguu umepoa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu uliyosahau kuzima simu ukaanza kubishania bei ya vibua na muuza samaki. Swali lako nimelipata: ni kweli kwamba mwana wa kaka yako, mzaliwa wa Ngamiani, aliyehitimu Qurani mtaa mzima ukala pilau, siku hizi kazi yake Ulaya ni kumpandisha mbwa ngazi? Mleta habari namjua, na picha aliyokuonyesha ni ya kweli. Ila picha haina maelezo, na maelezo ninayo mimi.

Kazi yangu ni ileile ya kutunza wazee hapa Edinburgh. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Maboksi niliacha kubeba zamani. Jioni narudi kwa Bibi niliyepanga chumba kwake, mwalimu mstaafu, mjane, na huko nako namkuta mzee mwingine ananisubiri. Huyu anaitwa Angus. Ni Labrador, alizaliwa mweusi tititi, sasa uso wote ni mvi hadi kope. Kodi yangu imepunguzwa kwa makubaliano kwamba namtoa Angus asubuhi na jioni, na usiku nikimsikia anahangaika namwamkia. Kwa hiyo natunza wazee zamu mbili, na huyu wa zamu ya pili ndiye pekee katika nchi hii ambaye hajawahi kuniuliza nitarudi lini kwetu.

Angus ana miaka 13. Watu wa huku walizoea kuzidisha umri wa mbwa mara saba ili kupata umri wa kibinadamu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego wakatoa hesabu nyingine, baada ya kupima alama za uzee katika vinasaba vya Labrador. Wakaona mbwa huzeeka mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Kwa hesabu yao mbwa wa mwaka mmoja ni sawa na mtu wa miaka 31, yaani tayari shangazi zake wameshaanza kumuuliza anaoa lini. Wa miaka miwili amevuka 40. Angus anapata kama 72. Niliposoma hayo nikaanza kumpa shikamoo.

Usinune, Shangazi. Najua shikamoo si ya wanyama. Lakini saa kumi na moja alfajiri, theluji inaanguka, mko wawili tu gizani na mwenzako ana miaka 72, utamsalimu vipi? Mambo? Haitikii marahaba, ni kweli, lakini huku haitikii mtu yeyote.

Maradhi yake utayatambua yote, maana mengine ni yako. Ana baridi yabisi ya nyonga. Ana mtoto wa jicho. Masikio yamekwenda, na hilo limemletea nafuu, kwa sababu kwenye ngome ya mji huu hupigwa mzinga saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, tangu mwaka 1861. Bibi anasema Angus wa ujanani alikuwa akiingia chini ya meza kuanzia saa sita na nusu. Sasa mzinga unalia, madirisha yanatikisika, yeye anakoroma.

Kichwa nacho kimeanza kumchanganya. Usiku anaamka, anakwenda mlangoni, anasimama upande wa bawaba badala ya upande wa kitasa, anasubiri ukuta ufunguke. Anaweza kusimama hapo nusu saa, mkia unatingishika kidogo kwa matumaini. Daktari wa wanyama anasema ni usahaulifu wa uzeeni, mbwa wanaupata vilevile wanavyoupata watu. Namshika mkanda wa shingoni, namgeuza taratibu, namwambia “huku, mzee”. Ndivyo ninavyofanya kazini, tofauti ni kwamba kule nalipwa kwa saa.

Na ngazi ndiyo hiyo ya kwenye picha. Miguu ya nyuma haina nguvu, na Bibi analala juu, na Angus hajawahi kulala chumba kingine tangu utotoni. Inabidi kupitisha kitambaa chini ya tumbo lake, unashika ncha zote mbili unamwinulia kiuno, yeye anajivuta kwa miguu ya mbele. Taulo zilikuwa zinateleza. Ndiyo maana kwenye picha umeiona kanga uliyonifungia siku ya safari. Ulisema itanifaa kwa jambo lolote, Shangazi. Imefaa. Wanawake wetu wamebeba watoto kwa mbeleko tangu enzi, mimi nimebebea kilo 30 za Mskoti.

Gharama sitaziandika, una presha. Nikuambie tu kwamba mimi nikiumwa hapa Uskoti, dawa za kuandikiwa na daktari ni bure tangu 2011. Angus hana bahati hiyo. Ana sindano ya maungo kila mwezi, vidonge vya maumivu, na bima inayopanda kila akiongeza mwaka, na hata hivyo Bibi hutoa sehemu yake mfukoni kila bili ikija. Nilimwuliza hafikirii kununua gari. Akanijibu kwamba gari halimjui kwa jina.

Huyo ndiye aliye hai. Ukipanda ngazi hizo, ukutani unapita kwenye ukoo mzima: picha za mbwa waliotangulia, kila mmoja na jina lake, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Sebuleni, kwenye rafu juu ya meko, yamepangwa masanduku madogo ya mbao, na ndani ni majivu yao. Siku niliyokwenda kuangalia chumba nilitambulishwa kwa marehemu kwanza, choo nikaonyeshwa baadaye. Mimi ni mtu wa Tanga, nikamwambia pole kwa kila sanduku. Naamini hapo ndipo nilipopata chumba.

La mwisho kwenye mstari ni la Maisie, tulimzika, yaani tulimchoma, majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa kijibwa cheupe cha miaka 15, mkali, figo zilishamwisha. Daktari alikuja nyumbani na mkoba, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo sijaliona kwa mgeni mwingine wa hapa. Maisie alilazwa kwenye kiti cha marehemu mume wa Bibi, juu ya sweta lake. Sasa chokoleti kwa mbwa ni sumu; maisha yake yote alikuwa akiinusa kwa mbali. Asubuhi ile Bibi alifungua boksi zima akaliweka mbele yake. Maisie akachagua. Akala ya maziwa, akala ya karanga, yenye kahawa ndani akaitema kwenye suruali ya daktari, akamtazama kama vile ndiye aliyeipika. Daktari akajifuta, akanyoa manyoya kidogo mguuni, akatia sindano. Haikupita dakika. Akasikiliza moyo, akatikisa kichwa. Bibi akashika ule mguu, wala hakusema kitu. Kisha ghafla tukawa tunakimbizana na Angus kumpokonya chokoleti zilizobaki, maana siku yake yeye ilikuwa haijafika.

Jioni majirani wakaanza kuja. Maduka ya hapa yanauza kadi maalumu za rambirambi za kufiwa na mbwa, na kila mmoja alikuja na yake. Mimi nimeona watu wanaingia msibani mikono imekunjwa, ningefanya nini? Nikapika pilau. Wakala, wakamsifu Maisie upole wake, ilhali mleta barua wa mtaa huu alikuwa akitupia barua juu ya ua kwa kumwogopa. Hilo tu ndilo lililonifanya nijihisi niko nyumbani: maiti kusifiwa.

Jirani mmoja akamwambia Bibi asihuzunike, watakutana darajani. Nikauliza daraja gani. Kumbe kuna andiko fupi ambalo wafiwa wa mbwa dunia nzima hutumiana, juu ya daraja la upinde wa mvua. Liliandikwa mwaka 1959 na binti wa hapahapa Uskoti, Edna Clyne wa Inverness, akiwa na miaka 19, baada ya kufiwa na Labrador wake aliyeitwa Major. Likazunguka miongo na miongo bila jina lake, hadi 2023 ndipo ilipojulikana kuwa ni la kwake. Linasema mbwa wanaokufa hukaa kwenye majani mabichi kabla ya daraja, wazima, vijana tena, wakimsubiri mwenyewe aje wavuke pamoja. Shangazi, daraja tulilofundishwa mimi na wewe ni jembamba kuliko unywele, na hakuna aliyetuahidi mtu wa kuvuka naye. Nikanyamaza, nikawaongezea pilau.

Usidhani Bibi ni wa peke yake. Mji wote ndivyo ulivyo. Ndani ya ngome penyewe kuna makaburi ya mbwa wa wanajeshi, na mawe yao yenye majina. Na chini mjini kuna sanamu ya mbwa aliyeitwa Bobby, wa makaburi ya Greyfriars, ambaye inasemekana alilinda kaburi la bwana wake, John Gray, miaka 14, mpaka naye akafa mwaka 1872. Mwaka 1867 palipotokea maneno kuhusu kodi ya mbwa asiye na mwenyewe, meya William Chambers alimlipia akamvisha ukosi wenye jina; ukosi huo uko makumbusho hadi leo. Sanamu iliwekwa 1873. Watalii humsugua pua kwa bahati njema mpaka rangi imetoka, na wenyeji wanawaomba waache.

Kuna mwanahistoria, Jan Bondeson, anayesema Bobby hakuwa akiomboleza; makaburi ya zamani yalikuwa na mbwa koko waliolishwa na wapita njia, na watu wakaamini wamefiwa. Anasema hata walikuwa mbwa wawili, wa kwanza alipokufa akawekwa mwingine. Mimi namwunga mkono, hasa kwa kuwa Bobby huyo alikuwa akisikia tu mzinga wa saa saba anatoka makaburini kwenda kula hotelini. Bibi nilipomweleza hakuzungumza nami siku nzima.

Huku mbwa wa nyumbani hana kazi, kwa hiyo hana pa kustaafu. Kwetu mbwa ni mwajiriwa. Na tusisahau kichaa cha mbwa: hapa walikifuta mwaka 1922, mtoto anamkumbatia mbwa asiyemjua njiani na mama yake anapiga picha. Kwetu mbwa akija mbio mchana na mate yanamtoka, watu wazima wanapanda miembe.

Bibi aliniuliza kama kwetu tuliwahi kufuga. Nikamwambia habari za Hayakuhusu, mbwa wa Babu kule shambani Muheza. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba Babu alimpa jina hilo kwa ajili ya jirani yake wa michungwa, ili kila magharibi asimame mpakani aite kwa sauti: “Hayakuhusuuu!” Maalimu alipomlalamikia kuhusu kufuga mbwa, Babu akamjibu kwamba ni wa shamba, anafukuza ngedere na nguruwe, na kwamba hata watu wa pangoni walikuwa na wao, na ametajwa kwenye Kitabu. Alimlisha kwenye kifuu. Hakumgusa kwa mkono hata mara moja. Lakini mimi nimemwona, wote wawili wameshazeeka, ngedere wanachuma machungwa kwa raha zao na hakuna anayebweka, Babu kakaa kwenye kigoda anamkuna mgongoni kwa ncha ya bakora, polepole, akihama kila mbwa alipougeuza ubavu. Na ugali wa jioni ukaanza kutoka laini kwa wote, meno hayakuwapo pande zote mbili. Mbwa alipokufa, Babu alisema lazima afukiwe asije akanuka. Kisha akachimba mwenyewe tangu asubuhi hadi adhuhuri, akakataa kusaidiwa. Harufu haihitaji shimo la kufika kifuani, Shangazi.

Bibi kasikiliza yote hayo, akaenda akaleta nyundo, akapigilia msumari ukutani pale ngazini, baada ya picha ya Maisie. Anataka picha ya Hayakuhusu. Nikamwambia hakuna picha. Enzi hizo hata sisi wajukuu tulipigwa mara moja, tena kwa ajili ya shule. Akauliza kama hakuna mchoraji.

Kwa hiyo nakuomba, mwone yule kijana anayechora mabango ya vinyozi pale barabara ya kumi na mbili. Hela nimetuma kwenye simu yako, katoa Bibi. Mwambie mbwa ni wa kahawia, kifua cheupe, sikio moja limekatika juu, na asimwekee miwani ya jua. Jina liandikwe chini kwa herufi kubwa zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Basi la kwenda Dar lipo kila saa, lakini kabla hujaipeleka picha kwa msafiri wa kuniletea, ipitishe kwanza Muheza, bila kuifunga karatasi. Nasikia yule jirani bado yuko hai na huketi barazani kila jioni.