Elimumshikaki: Mhadhara wa Utangulizi kwa Walaji Wasio na Shahada

Elimumshikaki ni taaluma inayochunguza uhusiano uliopo kati ya kijiti, nyama, makaa na mtu anayesubiri, na kwa kuwa hakuna chuo kikuu cha mji wa Bukavu, nchini Kongo, kilichothubutu kuifungulia kitivo, imebidi iendelezwe kwenye viti vya plastiki vya nganda, yaani vilabu vya uani ambako bia huuzwa upande mmoja na nyama huchomwa upande wa pili, kuanzia mitaa ya Ibanda na Kadutu hadi kwenye magati ya kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Mwasisi wake, ambaye kwa unyenyekevu hupenda kuitwa Profesa na watu wote isipokuwa wanaomdai, amekataa kuigawa taaluma hii katika matawi, kwa hoja kwamba tawi likishakatwa huwa kuni, na kuni, kama itakavyothibitishwa, ni adui wa mshikaki.

Uthibitisho wenyewe ni huu. Kuni mbichi hutoa ndimi za moto na moshi mchungu, ambao huunguza nyama kwa nje na kuiacha ikiwa na damu kwa ndani, ilhali makaa, ambayo wenyeji wa Bukavu huyaita makala, ni mti uliokwisha kuteswa chini ya udongo kwa uhaba wa hewa hadi maji na gesi zake zikatoka na kubaki kaboni karibu tupu, kwa hiyo huwaka bila ndimi na hupeleka joto kwa mnururisho, yaani joto lisafirilo lenyewe bila kubebwa na hewa, kama lile la jua. Mafuta ya mbuzi yakidondokea makaa hupanda tena yakiwa moshi mtamu, na uso wa nyama hugeuka hudhurungi kwa badiliko ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912, akiwa amechelewa sana kwa mujibu wa Profesa, kwa kuwa wachoma mbuzi wa Bushi na Buhavu, maeneo ya kandokando ya ziwa hilo la Kivu, walikuwa wameshalila badiliko hilo bila kulipa jina. Kazi hiyo yote hufanyika juu ya mbabula, ambayo watu wa pwani huiita jiko la makaa, na husimamiwa na mchomaji mwenye kipande cha katoni cha kupepea. Profesa amefundisha kwa kina pembe sahihi ya kupepea, ingawa katoni hajaishika, maana nadharia ikishikwa mkono huchafuka.

Haitakuwa haki kuendelea bila kuwataja Wajapani, ambao katika miji yao mikubwa wameifikisha elimu hii mahali pa juu kidogo tu chini ya Profesa. Katika vilabu vyao vya yakitori, yaani mishikaki ya kuku, kila kiungo hupewa kijiti chake, kwa namna kwamba ngozi haichanganywi na moyo, gegedu haliketi na paja, na hata mkia wa kuku, ambao Bukavu hugombaniwa na watoto, huko huagizwa na watu wazima waliovaa tai. Mlaji huulizwa iwapo anataka chumvi tupu au mchuzi mzito wa soya uitwao tare. Makaa yanayoheshimiwa zaidi ni binchotan ya mkoa wa Wakayama, inayotokana na aina ya mwaloni mgumu ambao mwishoni hupandishwa joto hadi kiasi cha nyuzi 1,000, kisha hutolewa mwekundu na kufukiwa kwa majivu na mchanga wenye unyevu, na ukigonga vipande viwili hulia kama chuma. Iko pia desturi ya robatayaki, iliyopata umaarufu kutoka mji wa Sendai baada ya Vita Kuu ya Pili, ambapo wageni huketi kuzunguka moto na mpishi huwafikishia chakula kwa kijiko cha mbao kirefu mfano wa kasia. Kwa nini Idjwi, ambako makasia ni mengi kuliko viti, haikuwatangulia Wajapani katika jambo hili, ni fumbo ambalo Profesa ameahidi kulifumbua bia ya pili ikifika.

Kuhusu samaki, mlaji asiye na shahada hudhani kwamba sambaza, samaki wadogo wanaoliwa wazima kwa limau na pilipili, ni wenyeji wa Ziwa Kivu tangu kuumbwa kwake, kumbe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa wavuvi, ndiyo maana zipo siku ambazo sahani huja na sambaza wachache. Siku hizo Profesa hulaumu mwezi, na mchomaji humlaumu Profesa aliyeonja kabla ya kuagiza.

Lipo suala zito ambalo taaluma haiwezi kulikwepa, ingawa hulijadili baada ya mshikaki wa tatu. Sehemu ya makala yanayoingia Bukavu hutoka katika miti ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuandikishwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1980, ambayo tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wakati huohuo, maji ya kina ya Ziwa Kivu yamebeba takribani kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani, ambayo Rwanda huivuta na kuifanya umeme, huku majiko ya Idjwi, kisiwa kilichozungukwa na gesi hiyo pande zote, yakiendelea kula miti. Profesa ameipinga gesi kwa hoja kwamba haina moshi wa mafuta, na hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama maharagwe na fufu, yaani ugali wa huko, ambavyo ndivyo vinavyomaliza magunia ya makala, vingekuwa na haja yoyote ya moshi huo.

Inabaki nadharia ya hesabu. Vijiti vitupu ndiyo hati pekee ya mlo, na Profesa hushikilia kwamba kijiti kilichoanguka chini ya meza si kijiti tena bali ni takataka, kwa hiyo hakihesabiwi. Mchomaji, ambaye hajahudhuria mhadhara hata mmoja, huhesabu vijiti kabla ya kuvitunga nyama. Basi Profesa hutoa noti ya dola iliyochanika kidogo ukingoni, ambayo nchini Kongo hukataliwa hata na muuza karanga, na anapoambiwa, “Papa, hii haitembei,” hulazimika kuendelea kufundisha hadi atokee mwanafunzi mwenye faranga.