Fundi Hatari wa Kariakoo

Ndugu zetu wa ughaibuni wana imani ya ajabu: diski ikianza kulia tiki-tiki, dawa yake ni kuiwasha tena. Na tena. Kichwa cha kusomea, ambacho kikiwa kizima huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, kila mwasho kinapewa nafasi nyingine ya kukwangua picha za harusi. Sahani yenyewe, katika diski nyingi za sahani za kompyuta za mkononi, huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Nakala ya akiba ipo, tena imepangwa vizuri: diski hiyohiyo, folda ya pili.

Maabara ya London inataja bei: mamia ya pauni. Mwenye diski anashtuka kama aliyetajiwa mahari na wajomba. Hapo ndipo Kariakoo inapokumbukwa. Diski inavalishwa soksi, inapewa msafiri pamoja na viatu vya shangazi, iende kwa “fundi mmoja hatari sana.” Hatari kweli. Anaifungua mezani, feni ikivuma, chapati pembeni. Maabara wana chumba cha hewa iliyochujwa. Yeye anapuliza kwa mdomo, vumbi litoke.

Chombo cha anga za juu cha Columbia kilisambaratika angani mwaka 2003, na diski moja iliyookotwa kwenye mabaki ikasomeka karibu yote. Ilikuwa na bahati: ilianguka tu kutoka angani, haikupitia kwa fundi hatari.