Simu Yangu Mulika Mwizi

Jamani, mimi nimemkosea nani? Nimetoka Likoni na mayai 12 ya bata. Feri imejaa pomoni. Nimeyapakata kama kitoto kichanga, watu wanikanyaga, nakanyagika tu. Kufika Makadara, bibi yangu ana swali moja. "Na bata mwenyewe yuko wapi?"

Bata sikununua. Pesa zilikuwa za mayai. Hesabu yangu ni hii: joto la Mombasa hili, saa mbili asubuhi shati limelowa, yai lataka nini tena? Kumbe lataka nyuzi 37 na nusu, mchana na usiku. Hata mwezi wa tatu hatufiki huko, ingawa ukiwa ndani ya matatu waweza kuapa tumepita. Basi nikaazima koo wa bimkubwa jirani. Masharti: siku 21, asizidi hata moja, na mahindi juu yangu. Koo mwenyewe ala kunishinda.

Siku ya nne uvumilivu ukaisha. Nilishasikia pale kwenye kahawa kwamba yai humulikwa ukajua lina kitu au halina. Na simu yangu ni ile mulika mwizi, tochi kali hiyo! Usiku nikajifungia chooni, nikajigubika leso ya bibi ili giza likolee. La kwanza, lawaka tu kama globu. La pili, globu. Yote 12, globu tupu. Nikatoka kama natoka matangani. Viza! Nimeuziwa viza! Nikamtukana muuzaji hapo hapo, naye yuko ng'ambo ya maji, hanisikii.

Mawili nikayakaanga kwa hasira. Moja lilikuwa na kidoa chekundu. Nikasema ni nyanya. Nyanya sikutia.

Kumi nikayaacha kwa uvivu, si kwa hekima. Siku ya nane bimkubwa akaja kumkagua kuku wake. Nikamweleza msiba. Akanyoosha mkono, nikampa simu, akazima taa. "Mwanangu, wewe wamulika nchani. Mulika kitakoni, kule butu, kwenye hewa. Na siku ya nne waharakia nini?"

Wallahi, nikaona. Doa jeusi katikati, mishipa myekundu imetawanyika pande zote. Doa likacheza. "Buibui!" nikapiga kelele. Bibi yangu akatoka mbio chumbani, ashalivaa lake, auliza twaenda wapi.

Saba yana buibui. Mawili meupe kweli, hayakuwahi kuwa na kitu. Moja lina pete ya damu, yaani kilianza kikafa. Hayo matatu bimkubwa akayatoa, asema yakiachwa chini ya kuku huoza, hupasuka, na harufu yake mtahama nyinyi, si kuku. Yale mawili ya kikaangoni hakuna aliyeyauliza. Mimi ndiye nayawaza kila nikipiga mbweu.

Akiwa mlangoni bimkubwa akageuka. "Wajua bata hutoka siku ya 28?"

Mimi najua 21. Hizo ni za kuku. Na koo siku ya 21 arudi kwao, ahadi ni ahadi, nimejaribu kubembeleza nimeambiwa nenda kanunue wangu. Yabaki wiki nzima. Nikamtazama bibi yangu. Naye akanitazama, macho yakashuka taratibu mpaka kwenye kitambi.

"Joto unalo," akasema. "Na kazi huna."